Deraya Isiyo na Mlango

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine, maana najua ile video ilizunguka mpaka Matete, na huko Matete hata sina mtu: ndiyo, yule jamaa mweupe wa plastiki aliyebebwa juu juu na wapiga ngoma za isukuti katika maonyesho ya vijana pale Kakamega mjini alikuwa mimi. Si pacha wangu. Si mtu tunayefanana. Ni mimi Makokha, mwana wa Kabras, muuza misumari, na mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea, lakini mnisikilize mpaka mwisho kwa sababu siku hizi kuna vijana wananipigia simu wakiuliza deraya ya sinema inatengenezwanga namna gani, na sitaki mtoto wa mtu apite mahali nilipopita.

Mimi nafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, mchana kutwa ni mabati, rangi na paipu, na jioni nikifika nyumbani nilikuwa nawasha filamu za anga za juu, zile za askari wenye mavazi magumu meupe kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo, na siku moja nikajiambia, Makokha, hii kitu si ni paipu tu? Na kweli ni paipu. Unachukua paipu ya maji taka ya inchi sita, unaipasua kwa msumeno, unaipasha moto juu ya jiko mpaka inalegea, unaikandamiza kwa mbao inakuwa bapa kama chapati, halafu kabla haijapoa unaikunja iwe kifua, au bega, au goti. (Fanyeni nje penye hewa, jameni. Mimi nilianzia ndani ya nyumba nikakohoa mpaka mwenye ploti akaja kuniuliza kama nimeenda kupimwa kifua kikuu.)

Aliyenifundisha ni rafiki yangu Hamisi, mtu wa Mumias, fundi wa friji, ambaye alikuwa ameshatengeneza deraya tatu na zote zilimkaa vizuri. Huyo Hamisi ni mtu mpole, anakusalimia salamu ndefu kwanza, afya yako, ya nyumbani, ya kazini, ndipo anakuambia umekosea. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, "Makokha, anza na kofia peke yake. Ukimaliza kofia utajua kama unapenda hii kazi ama unapenda tu kuangalia filamu." Sikusikia. La pili, "Ubavuni weka velkro, kile kitambaa cha kunata cha viatu vya watoto, ndiyo uweze kuvaa na kuvua." Hilo ndilo nililokataa kabisa kabisa, na hapo ndipo ushenzi wangu wote ulipoanzia.

Sababu ni kwamba nilikuwa nimeisimamisha filamu kwenye simu, nikaivuta picha ikawa kubwa, nikaikodolea macho usiku wa kwanza na wa pili na wa tatu, na ubavuni pa yule askari hapana velkro. Hapana kifungo, hapana mshipi, hapana hata ufa. Ni laini kama yai. Na mashindano yenyewe yalikuwa ya nani amefanana na skrini zaidi, waamuzi wanasimama na picha mkononi wanakulinganisha sehemu kwa sehemu. Nikamwambia Hamisi, "Kwenye skrini hakuna velkro." Akaniambia, "Kwenye skrini pia hakuna choo, lakini wewe utakunywa chai." Nikamwona mtu asiye na maono.

Sasa, kuna jambo lingine lazima mlijue, maana bila hilo hii ingekuwa aibu ya kawaida tu ambayo mtu anaimeza na maji. Nilikuwa na mchumba, Mmbone, anatoka upande wa Mukumu, na Jumamosi iliyokuwa inafuata maonyesho, wiki moja tu, wazee wangu walikuwa waende kwao kwa mara ya kwanza kujitambulisha. Mama yake nilikuwa sijawahi kumwona. Na mnajua kwetu mkwe na mama mkwe ni watu wa kuheshimiana kwa umbali: hampeani mkono, hamkai kochi moja, na mama akikuona unakuja njiani anaweza kuingia shamba la jirani akajifanya anakagua mahindi ya watu mpaka upite. Akikukuta umevaa vibaya ni neno. Akikukuta hujavaa, hapo hata ndoa inaweza kulala. Mmbone aliniambia waziwazi, "Makokha, hii wiki nakuomba usifanye kitu chochote cha kutufanya tuongelewe. Mjomba wangu anatafuta sababu ndogo tu."

Nikamwahidi. Halafu nikajishauri (mimi nikijishauri huwa napoteza kesi), nikasema, lakini si nitakuwa ndani ya kofia? Nani atanijua? Nitaenda, nitashinda, nitarudi, na hakuna mtu wa Mukumu atakayejua kwamba yule askari wa anga ni mkwe wao.

Basi asubuhi ya siku yenyewe nikavaa fulana nyeusi ya kubana, na chini nikavaa taiti nyeusi, kwa sababu askari ndani anakuwanga mweusi kwenye viungo. Taiti ilikuwa ya Mmbone. (Ngojeni, msianze. Aliniazima nipimie magoti kitambo, na sikurudisha, na yeye hakuuliza.) Nikaingia katikati, kifua mbele, mgongo nyuma, na Hamisi akashika kikopo. Si velkro. Kikopo cha gundi ya paipu, ile ya mafundi wa bomba, ambayo haigundishi tu, inayeyusha plastiki mbili zinakuwa plastiki moja. Mimi mwenyewe ndiye huwaambia wateja kila siku ya Mungu: "Mzee, pima vizuri kabla hujapaka, hii ikishika haiachi." Nikaziba sikio nisijisikie. Hamisi akauliza, "Una hakika?" Nikasema, "Paka." Akapaka kulia, akapaka kushoto, tukashikilia, tukasugua kwa msasa, tukapiga rangi, na haki ya Mungu ilipendeza. Ubavu laini kama yai. Nilikuwa nimekunywa chai vikombe viwili.

Tulipofika kwenye maonyesho, kusema ukweli nilikuwa mfalme. Watoto walinifuata, wanafunzi wa chuo walipiga picha na mimi, mama mmoja muuza ndizi alinipigia vigelegele bila kujua mimi ni kitu gani. Zamu yangu ikafika, nikapanda jukwaani, mwamuzi akazunguka na picha yake, akatazama mabega, akatazama magoti, akafika ubavuni akasimama. Akapitisha kidole. Akawaambia wenzake, "Huyu hana mshono!" Roho yangu ikapanda mpaka ikagonga kofia.

Halafu akasema, "Sasa piga goti kama kwenye picha."

Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama na hiyo deraya, nimetembea nayo, nimejitazama nayo kwenye kioo mpaka kioo kikachoka. Kupiga goti sikuwa nimejaribu. Niliposhuka, sahani za plastiki za kwenye paja zikaisukuma ya tumbo, ya tumbo ikasukuma kifua, kifua kikapanda kikaingia chini ya kofia kikakwama hapo, kidevu kikaelekea mbinguni, na mikono ikabaki imetanuka kama ya kuku wa kuuzwa. Nikataka kusimama, wapi. Nikataka kuvua kofia, haitoki, imeshikwa na kola. Nikavuta pumzi, pumzi ikaja nusu. Na chai, jameni, ile chai vikombe viwili, ikachagua dakika hiyo hiyo kunikumbusha kwamba iko.

Nikaanguka ubavu. Polepole, kwa heshima, lakini nilianguka.

Mshereheshaji akapaza sauti kwenye spika, "Askari wa anga amepigwa risasi!" na watu wakashangilia wakidhani ni mchezo. Nikalia, "Nisaidieni!" lakini ndani ya kofia sauti inatokanga kama ya mtu aliye kwenye tangi, wakashangilia zaidi. Hamisi ndiye aliyeelewa. Akapanda, akaita vijana wa isukuti waliokuwa wanangoja zamu yao, wanne wakanibeba, na wale wenye ngoma (sijui nani aliwatuma) wakaanza kupiga, kwa hiyo nilipelekwa katikati ya umati miguu mbele, ngoma zinalia, wamama wanapiga vigelegele, mzee mmoja akavua kofia yake. Alidhani ni maiti.

Hamisi alikuwa ameona hema la kikundi cha wamama mafundi cherehani, ambao walikuwa wanashona sare za shule hapo hapo watu wakitazama. Akafikiri makasi. Wakanilaza juu ya meza ya kukatia nguo, na nikasikia sauti ya mama mmoja, sauti ya mtu aliyezoea kusikizwa.

"Mulembe," akatusalimia. "Huyu ni nani?"

Hamisi akasema mimi ni mgonjwa. Yule mama akagonga kifua changu kwa kidole, ko ko ko, kama mtu anachagua sufuria. "Makasi hayatakata hii. Wewe ndani, unaitwa nani?"

Nikakumbuka ahadi yangu kwa Mmbone. Nikasema, "Askari."

"Nauliza jina ulilopewa na mama yako, si la sinema."

Nikajifanya sisikii. Akasema, "Basi kaa na siri yako. Unapumua?" Nikasema kidogo. Akainama akanusa ubavuni. "Ngoja. Hii si ni gundi ya fundi wa bomba?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikuuzia, akujengee kaburi ukiwa mzima?"

"Nilijiuzia mwenyewe, mama."

Wenzake wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Yeye hakucheka, alikuwa anafikiri. Akauliza hii plastiki ilikunjwa namna gani, Hamisi akamweleza habari ya jiko na moto, na yule mama akasema, "Aa! Kumbe ni kola tu. Kitu kilichokunjwa kwa moto kinafunguliwa kwa moto." Akaagiza maji na leso. Akaloweka leso, akaikunja mara nyingi, akaisukuma kwa rula ya mbao kati ya plastiki na mbavu zangu, nikasikia baridi. Halafu nikasikia mlio wa makaa yakipulizwa.

Nikauliza, "Mama, hiyo ni nini?"

"Pasi."

"Mama, mimi niko ndani!"

"Najua uko ndani, ndiyo sababu tunafanya hivi. Tulia. Nimepiga pasi kola za wanafunzi miaka na miaka, sijawahi kuchoma mwanafunzi hata mmoja."

"Kwa sababu hawakuwa ndani ya hizo kola!"

"Na wewe ukitoka mzima utaniambia asante. Nyamaza."

Sasa nawauliza, ni nani mwingine katika nchi hii amewahi kupigwa pasi akiwa ndani ya nguo? Nilifumba macho nikasali sala zote ninazojua na nyingine nikazitunga. Lakini yule mama alikuwa fundi, nawaambia. Anaweka pasi kidogo, anaondoa, anaijaribu plastiki kwa kidole, ikilegea anaingiza makasi anakata urefu wa kidole kimoja, anarudi kwa pasi. Na mkono wake wa pili muda wote ulikuwa chini ya ile leso, akipima joto kwa ngozi yake kabla halijafika kwa yangu. Mtu hanijui jina, amenikatalia hata kulia, na anachomeka kwa ajili yangu. Hapo machozi yalinitoka, na hayakuwa ya woga.

Upande wa kushoto ukafunguka, krrr, hewa ikaingia, na sahani ya chini ikaanguka, kiuno changu kikabaki wazi na taiti yake. Yule mama akasimama ghafla. Sikuona uso wake.

"Hii taiti," akasema polepole, "umetoa wapi?"

Pale kiunoni kulikuwa na kiraka cha kitenge cha kijani, kimeshonwa kwa uzi wa manjano. Nilikuwa nimekiona mara mia na sikuwahi kujiuliza nani alikishona.

"Hiki kiraka nimeshona mimi," akasema. "Msichana wangu aliniambia hii nguo ilianikwa kwa kamba ikapotea."

Woi. Na Hamisi, Mungu ambariki na amsamehe, akaona nimeacha kujitikisa, akaniinamia kwa huruma akauliza kwa sauti ya hema zima, "Makokha, uko sawa?"

Nikasikia pasi ikiwekwa chini. Nikasikia leso ikitikiswa, akajifunika uso, na miguu ikatoka hemani mbio. Wamama wengine wakabaki wamekufa ganzi, mimi nimefunguliwa upande mmoja tu kama mkebe wa samaki, na hapo ndipo ikaja sauti kutoka nje, nyuma ya turubai, ya mtu aliyegeuka mgongo:

"Mwambieni huyo mtu upande wa kulia bado! Na mloweke leso kwanza, msimchome! Na mtu amwonyeshe choo!"

Yaani hata pale alipokuwa hawezi tena kuniangalia, hakuniacha nife.

Deraya na taiti vilibaki hemani, nikarudi nyumbani na suruali ya kuazima, na zawadi alipewa mwingine, mwenye velkro. Mmbone hakushika simu yangu siku mbili. Siku ya tatu akashika, akasema, "Mama hajasema neno. Tangu ile siku anashona tu, na hasemi," halafu akalia, nami nikalia, tukalia tukitumia salio langu. Nilimwambia baba mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa aongoze wazee, kila kitu kwa sababu sikutaka aende kuaibika mbele ya watu. Akasema, "Tutabeba blanketi la kuomba radhi, la kumfunika mama macho. Zaidi ya hapo, ni yeye kuamua."

Jumamosi tukaenda. Nilivaa suti yenye vifungo vyote, na njiani nilivifungua na kuvifunga kuhakikisha vinafunguka. Tukapokelewa vizuri, tukakula obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, lakini mimi sikupata ladha, kila kipande kilikuwa kinashuka kama sponji. Mama alikuwa jikoni, kama inavyostahili. Wazee wakaongea, wakakubaliana hili na lile, baba mdogo akatoa blanketi likapelekwa jikoni, na yule mjomba, ambaye alikuwa ananitazama tangu tulipoingia (nadhani ile video alikuwa nayo), akakohoa akasema, "Kabla hatujafunga, kuna mtu wa nyumba hii ana neno juu ya huyu kijana?"

Kutoka jikoni akaja shangazi yake Mmbone, amebeba furushi limefungwa kwa gazeti. Akaniwekea miguuni. "Limetoka kwa mwenye jiko," akasema. Nikajua ni taiti, na taiti ikirudishwa mbele ya wazee, basi nimerudishwa pamoja nayo. Mmbone aliinamisha kichwa. Nikafungua lile gazeti.

Taiti ilikuwepo, ndiyo, imefuliwa na kukunjwa. Lakini chini yake kulikuwa na deraya yangu. Kifua na mgongo. Kingo zote zilizokatwa zilikuwa zimenyooshwa kwa pasi, zikatobolewa kwa msumari wa moto tundu baada ya tundu, na ubavuni, kulia na kushoto, kumeshonwa zipu ndefu nyeupe, imefichwa chini ya ukingo hivi kwamba ukitazama kutoka mbele huoni kitu. Ubavu laini kama yai. Nikavuta, zipu ikashuka, zzz, ikapanda, zzz. Hilo ndilo alilokuwa anashona siku zote hizo.

Shangazi akasimama wima kama anasoma tangazo kanisani. "Mama anasema hivi. Mwambieni mkwe, nguo aweke zipu. Ile gundi yake aiweke kwa ndoa."

Mjomba alijaribu kukaza uso, akashindwa, akapasuka kucheka mpaka akashika meza, na kutoka jikoni nikasikia kicheko kingine, kile kile ambacho mwenye nacho alikuwa amekizuia siku ya pasi. Nilitaka kusema maneno mazuri. Nikasema tu, kwa sauti, kuelekea jikoni, "Mwambieni mama asante. Nimetoka mzima."

Kwa hiyo wewe unayeanza, anza na kofia. Pima kwa mwili wako, si kwa mwili wa yule wa kwenye skrini. Ukimaliza, kaa, inama, piga goti, nenda choo, na ukishindwa hata moja rudi kazini, hata kama picha inapendeza. Beba mtu wa kukusaidia, na umsikize kabla hujakwama. Mimi nimeapa sitavaa tena kitu ambacho sijui nitakitokaje, na nyumbani kile kikopo cha gundi Mmbone amekifungia kabatini, funguo ni zake. Deraya yangu ya pili iko karibu kuisha. Vipimo vya kitambaa cha ndani navituma Mukumu kwa karatasi, kupitia shangazi, na vinarudi vimeshonwa. Mimi na mama mpaka leo hatujapeana mkono wala kutazamana usoni, na kila zipu anayoniwekea anaijaribu mara tatu kabla ya kuituma.